Siku Tuliyocheza kwa Fanila

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwanza, kisha nawashukuru nyinyi mnaobaki na funguo za chumba cha vifaa. Mliniomba niwaandikie namna ya kutunza mifuko ya timu. Nimejaribu mara tatu kuandika hayo tu, lakini kila nikianza na mifuko najikuta nimefika Riyadh. Kwa hiyo nitaandika mpaka Riyadh, na mnistahimilie.

Nilikuja Jidda kuwa dereva wa nyumba katika mtaa wa Al-Safa. Nilikuwa nimesomea chuo cha dini Mombasa na kufundisha watoto Kurani kwa miaka kadhaa, na gari nilijifunza ukubwani. Asubuhi ya kwanza nilipewa funguo, madam akaketi nyuma na watoto, nami nikazunguka mzunguko mmoja mara nne. Kila tukipita mbele ya duka lile lile la maua, madam alisema "yalla" kwa sauti ile ile, bila hasira, kama mtu anayevuta uradi. Mara ya tano nilipata njia. Watoto walichelewa shule, na siku ile nilijifunza kwamba kuchelewesha watu huniumiza. Mpaka leo huniumiza.

Baba wa nyumba ile, aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, alifanya kazi katika chuo kimoja cha ufundi mjini. Watoto wake walipokua na kujiendesha wenyewe, alihamishia ikama yangu, kibali cha ukaazi, chuoni. Nilidhani nitaendesha basi la walimu. Kumbe nilipelekwa kwenye timu ya mpira, kuendesha basi lao na kumsaidia mtunza vifaa. Sikuwa nimewahi kuupiga mpira, hata ule wa makaratasi. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini mmoja wao amevaa glavu na joto lile.

Mtunza vifaa alikuwa Msudani, Ammu Taha, Mungu amrehemu. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alinifundisha kazi yote kwa vidole. Jezi hugeuzwa ndani nje kabla ya kufuliwa. Maji yawe baridi. Usizianike kwenye jua la Jidda, namba zitapasuka kama udongo. Na usizianike ndani, unyevu wa bahari utaziacha zinanuka siku mbili. Mahali pake ni kibarazani, kwenye kivuli chenye upepo. Sindano na uzi tulinunua Balad, kwa mzee mmoja kwenye vichochoro vya nyumba za matumbawe, kwa sababu Ammu Taha aliamini kwamba uzi wa madukani makubwa umetengenezwa na watu wasiovaa nguo.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. "Usihesabu kwa macho," aliniambia. "Macho yanataka kumaliza. Tia mkono ndani ya mfuko, ushike nguo, ndipo ufunge."

Chuo kilikuwa kimetununulia mifuko kumi ya buluu, yote sawasawa, jambo ambalo mnunuzi alilisifu sana na sisi tulililipia kwa jasho. Ili tusichanganye, Ammu Taha alifunga uzi mwekundu kwenye mshikio wa mfuko wa jezi. Alipostaafu na kurudi kwao Kassala aliniachia uzi ule kama mtu anayekabidhi cheo. Nilikaa nao miaka kumi na mitatu.

Kuna desturi nyingine mnayoijua, nanyi mmeikuta. Tukienda Riyadh kucheza, wakati wa kurudi hupitia Sail, kwenye mikati, kituo cha kunuia umra, na wachezaji wanaotaka huvaa ihramu pale na kuingia Makka kufanya umra kabla ya kufika Jidda. Tukishinda tunakwenda kushukuru, tukishindwa tunakwenda kuomba. Ili tusibebe shuka za ihramu mpaka Riyadh zikaingiwa na vumbi na harufu ya njumu, tunapokwenda tunauacha mfuko wake Sail, katika duka la Myemeni mmoja anayeuza ihramu na mikanda, tunauchukua tukirudi. Kila msimu tumefanya hivyo, na hakuna siku tuliyokosa hata taulo moja.

Sasa nifike kwenye msimu wangu wa mwisho.

Nahodha alikuwa Rashidi, kijana wa Kwale, mwaka wa nne wa umeme, kiungo, namba nane. Aliniita ami tangu siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza Kiswahili na tairi lililogoma kufunguka. Mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa akifanya kazi za ndani Riyadh tangu Rashidi akiwa darasa la sita. Mtoto alipopata ufadhili wa kusoma Jidda, watu wa kwao walisema sasa wako pamoja. Riyadh na Jidda ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Walionana siku chache za likizo, sebuleni kwa watu, na kwa miaka minne mama hakumwona mwanawe akicheza hata mara moja. Tulipokwenda Riyadh ilikuwa katikati ya juma, na katikati ya juma madam wake hakuwa na nafasi ya kumpa.

Msimu ule mechi yetu ya Riyadh ilipangwa Ijumaa baada ya Alasiri. Rashidi alikuja chumba cha vifaa na simu mkononi.

"Ami, madam wake amemruhusu. Kuanzia Alasiri mpaka kabla ya Magharibi. Magharibi wana wageni, lazima awe jikoni."

"Alhamdulillahi. Mechi inaanza saa kumi kasorobo. Ataiona yote."

"Yote, ami?"

"Mpaka filimbi ya mwisho, na dakika za kukusalimia."

Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu asiyejua. Tangu siku ile aliniuliza kila jioni kama saa haijabadilishwa, utadhani mimi ndiye ninayelivuta jua.

Timu ilianza vibaya, ikapoteza mbili, kisha ikaamka. Mpaka kufika Riyadh tulikuwa tunahitaji ushindi mmoja tu kuingia nusu fainali. Tukikosa, msimu unaishia pale, na Rashidi hana msimu mwingine. Nami sina mwingine. Labda ndiyo sababu sikutulia mwaka ule. Nilikuwa nikimaliza swala najikuta nahesabu soksi kabla sijamaliza tasbihi, kisha nahesabu tasbihi upya kwa aibu. Kwenye benchi nilisimama, nikaketi, nikasimama. Kocha wetu, Mtunisia mpole anayetafuna vijiti vya mswaki mpaka vinaisha, aliniambia siku moja, "Athumani, kaa chini. Wachezaji wa akiba wanadhani unawaita."

Alhamisi ya safari niliswali Alfajiri nikaingia chumbani. Mifuko ilikuwa tayari tangu jana, nimetia mkono katika kila mmoja. Kama ningeyaamini maneno ya Ammu Taha ningeipakia tu. Lakini sikutulia. Niliona uzi mwekundu umechakaa, nyuzi mbili tu zimebaki, nikasema safari ya mwisho haifai uzi wa namna ile. Nikaukata. Nikaenda kabatini kutafuta mwingine, nikaupata, nikaona na pampu inahitaji mafuta, nikaitia mafuta. Niliporudi, mfuko wa jezi na mfuko wa ihramu imekaa ubavu kwa ubavu. Nikafunga uzi mpya, fundo zuri, kwenye mfuko wa ihramu.

Nguo zote mbili nyeupe. Uzito karibu sawa. Sikutia mkono, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutia jana.

Sail tulifika asubuhi. Nilimkabidhi Myemeni mfuko usio na uzi, akauweka juu ya rafu, akaniombea dua njema. Tukaendelea na safari. Riyadh tuliingia jioni, na msimamizi wa mabweni ya wenyeji alikuwa amekwisha kuondoka, hivyo mifuko ilifungiwa stoo ya uwanjani mpaka kesho baada ya swala ya Ijumaa. Ammu Taha asingekubali. Angeketi juu ya mifuko mpaka stoo ifunguliwe. Mimi nilichoka, nikasema uzi upo.

Mlinzi wa lango la uwanja alikuwa Mutiso, Mkamba wa Machakos, Mkristo, kifua kama mlango, ambaye kila mwaka hunipokea kwa utani. Ijumaa tulitoka msikitini tukala, na ilipokaribia saa tisa yeye ndiye aliyenifungulia stoo. Nilifungua mfuko wa uzi mwekundu nizitundike jezi. Nikavuta taulo. Nikavuta la pili. Nikatia mkono mpaka chini.

Mutiso alichungulia ndani ya mfuko. "Mzee, mnacheza ama mnaogelea?"

Nilisema innalillahi, nikaketi juu ya kreti la maji. Bukta zilikuwepo, soksi zilikuwepo, njumu zilikuwepo. Jezi kumi na tisa zilikuwa juu ya rafu ya Myemeni, Sail, mwendo wa zaidi ya nusu siku nyuma yetu.

Rashidi aliingia wakati ule kuchukua njumu zake. Aliona taulo, akanitazama, akaelewa kabla sijafungua kinywa. Alisema, "Ami, mama keshavaa baibui. Anangoja dereva amlete."

Kocha alikwenda kwa wenyeji. Seti yao ya pili ilikuwa imepelekwa kuchapwa namba, na vizibao vyao vya mazoezi vilikuwa vya kijani kama jezi zao. Mwamuzi alikuwa mtu wa sheria, si mbaya. Alitazama saa yake. "Mechi ni saa kumi kasorobo. Nitawangoja nusu saa. Mkiwa na nguo za rangi moja na namba migongoni ifikapo saa kumi na robo, tunacheza. Baada ya hapo naandika tatu bila, halas."

Nusu saa ile ya kungojwa ndiyo iliyonichoma. Magharibi haimngojei mtu. Kila dakika niliyochelewesha ilikatwa kwenye saa za Bi Mwanasha.

"Mzee, simama," alisema Mutiso. "Dirah sokoni kuna jamaa wa Bangladeshi tunasali na wenzake... yaani wao wanasali, mimi nangoja nje, halafu tunakunywa chai. Ako na duka la nguo za ndani. Ijumaa anafungua mapema. Mafi shida, hakuna shida."

"Nguo za ndani, mwanangu?"

"Hizi fanila wanavaa chini ya kanzu. Nyeupe zote, mikono mifupi. Ziko kwa maboksi."

Mwenzake alishika lango, tukaondoka na pikapu ya chuo. Njia nzima nilisoma istighfari na kumuuliza Mutiso kama hakuna njia fupi, mpaka akaniambia kwa upole kwamba barabara haiwezi kusikia Kiarabu changu. Dirah palikuwa pameanza kuchangamka, watu wanatoka kwenye chakula cha Ijumaa. Tulipokaribia duka, Alasiri ikaadhiniwa, na mwenye duka akaanza kushusha mlango wa chuma.

"Bhai, dakika moja," Mutiso aliomba.

"Swala kwanza," alisema yule Mbangladeshi, akanitazama ndevu zangu nyeupe. "Mzee hasali?"

Mimi nilikuwa msafiri, nilikwisha kuunganisha Ijumaa na Alasiri. Lakini sikuwa na uso wa kumwambia mtu asiswali kwa ajili ya mpira. Niliingia naye kwenye msikiti mdogo wa sokoni, nikasimama kwenye safu. Niseme kweli, na Mola anisamehe, swala ile niliiswali huku miguu ikitaka kukimbia. Imamu alikuwa mtu wa kutulia kwenye rukuu. Nilipotoa salamu, mwenye duka alikuwa mbele yangu amekwisha kuvaa ndala.

"Sasa, mzee. Saizi gani?"

Nilimtajia saizi kumi na tisa bila karatasi. Hizo sikuwa nimezichanganya.

Tulirudi ikiwa imebaki robo saa. Namba tulizitengeneza kwa tepu nyeusi ya kufungia soksi, mimi nakata kwa meno, Mutiso anabandika. Moja ni rahisi na saba ni rahisi. Nane ya tepu ni masanduku mawili yaliyopandana, na inakula tepu kuliko namba yoyote. Ya Rashidi niliibandika mwenyewe, yeye amesimama ameshaivaa, nami nashikilia mgongo wake na kubonyeza kila kipande kwa gumba.

"Nimekuchelewesha," nilimwambia mgongo.

"Bonyeza ami, isije ikabanduka."

Wachezaji walipotoka, wenyeji walicheka, na haki yao. Fanila zilikuwa na shingo ya pembe, nyepesi mpaka kifua kinaonekana. Mmoja jukwaani aliwauliza kama kanzu zimeachwa kwa fundi. Golikipa wetu, aliyevaa kizibao cha njano cha Mutiso juu ya fanila, akamjibu kwamba kwetu hivi ndivyo tunavyovaa tukiwa nyumbani, na leo tumejisikia nyumbani. Hata mwamuzi alitabasamu. Ikawa saa kumi na dakika kumi na tatu.

Bi Mwanasha alikuwa kwenye jukwaa la familia, safu ya chini kabisa, peke yake, mkoba umekaa magotini. Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa sababu hakuutazama mpira. Mpira ulikwenda upande wa pili na macho yake yakabaki katikati, kwa namba nane.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Jua la Riyadh lilikuwa likishuka upesi kuliko nililozoea kwetu Jidda. Mimi sikutazama goli wala saa ya uwanja, nilitazama lango. Dakika ishirini za kipindi cha pili zilipopita, gari jeupe lilisimama nje na dereva akapiga honi mara moja. Bi Mwanasha alisimama. Alikaa amesimama kwa muda, mkoba begani, kama mtu aliyesahau kitu kwenye kiti. Honi ikapigwa tena. Aliondoka akitembea kinyumenyume hatua tatu nne za mwanzo.

Bao la Rashidi lilikuja kama dakika tisa baadaye. Mpira ulimkuta nje ya boksi, akaupiga chini kwenye kona. Wenzake walimrukia, naye katikati yao aligeuka kutazama safu ya chini ya jukwaa la familia. Nilikuwa namtazama usoni wakati ule. Ningetoa kila kitu nisimwone.

Mechi iliisha kwa bao moja kwa bao moja. Sare haikututosha. Wachezaji walilia, kocha alitafuna mswaki wake mpaka mwisho, na Magharibi ikaadhiniwa.

Nilimwendea Rashidi, nikamwomba fanila. Desturi yangu, nanyi mnaijua, nguo haitoki mikononi mwangu kabla ya kufuliwa. Ile nilitaka kuifua nikashindwa, kwa sababu mashine za wenyeji zilikuwa zimefungwa na asubuhi tunaondoka. Niliikunja ilivyo, na jasho lake, na nane yake iliyopoteza vipande viwili, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Mutiso alikuwa na mapumziko Jumamosi, nikampa mfuko, anwani ya mama aliyoiandika Rashidi na namba yangu ya simu.

"Nitafikisha, mzee. Niseme nini?"

"Sema ni ya namba nane. Sema samahani."

"Samahani ya nini?"

"Yeye atajua."

Tulifika Sail Jumamosi mchana. Myemeni alitushushia mfuko kutoka rafuni. Alikuwa ameufungua kupunguza unyevu. "Hajji," aliniambia kwa heshima kubwa, "umeniachia timu nzima, na golikipa." Wachezaji walicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikawagawia shuka zao za ihramu, wakaenda kuoga. Nilibaki nje na mifuko miwili wazi mbele yangu. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Asalaamu alaykum. Ni kaka Athumani wa vifaa?"

"Wa alaykumu salaam. Ndiye mimi. Bi Mwanasha?"

"Nimeletewa nguo na kijana mmoja mnene."

"Dada, nisamehe. Jezi nilizisahau mimi, mechi ikachelewa kwa ajili yangu. Ungeona yote."

"Nasikia alifunga."

"Alifunga."

"Dakika ya ngapi?"

"Ya sabini na nne."

Nyuma yake nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni. "Mimi nilikuwa tayari kwenye gari," alisema. "Lakini kabla ya hapo alikuja kurusha mpira upande wangu. Karibu hivi, ningeita angesikia. Akajifuta uso kwa upindo wa fanila. Alikuwa akijifuta hivyo hivyo akiwa mdogo, nikimgombeza. Hilo nimeliona, kaka."

Nikarudi kwenye kazi ninayoijua. "Na nisamehe jingine. Nimekuletea chafu. Si kawaida yangu. Ifue kwa maji baridi, uigeuze ndani nje, hiyo tepu..."

"Kaka," alinikatiza, taratibu. "Nyumba hii ina watu saba. Nguo zao zote nafua mimi, kila siku. Hii sifui."

Nikamwambia mwanawe anatoka kuoga, nitampa simu. Rashidi alikuja amevaa ihramu, nywele zinadondosha maji, akaichukua na kwenda kusimama upande wa kivuli. Mimi niliinama. Mifuko yote miwili ilikuwa wazi na nguo zinaonekana. Hata hivyo nikatia mkono, kwanza huu, kisha ule.